Kunyonya mafuta ya tumbo: nilichokiona kliniki na kilichonikuta nyumbani

Miezi 7 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta ya tumboni na kiunoni katika kliniki moja ya binafsi jijini Nairobi. Kazi ya chumba cha upasuaji iliniridhisha. Maelezo ya namna ya kujiuguza baada ya hapo hayakuniridhisha hata kidogo.

Daktari aliniambia mapema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia, kwamba upasuaji huu si dawa ya unene. Huondoa mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyashika kwa vidole, wala haugusi mafuta yaliyozunguka utumbo na ini, ambayo ndiyo hasa yanayohusishwa na kisukari na shinikizo la damu. Alinifinya ngozi ya tumbo, akaiachia, akatazama inavyorudi, kwa maana ngozi iliyokwisha kulegea huzidi kuning'inia mafuta yakitoka. Anayetarajia kupungua kilo 20 atapoteza fedha zake. Nilipimwa damu na kuzuiwa kumeza aspirini. Mimi mwenyewe, kabla ya kulipa, nilikuwa nimetafuta jina la daktari na la kliniki katika rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo iko wazi mtandaoni, na ningemsihi kila mtu afanye hivyo.

Siku yenyewe nilitiwa nusukaputi. Njia iliyotumika ilibuniwa na daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, katika miaka ya 1980: mafuta hulowanishwa kwanza kwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini, ambayo hubana mishipa ili damu isipotee nyingi, kisha mrija mwembamba wa chuma hupitishwa kwenye matundu madogo na kuyavuta. Nilitolewa lita 2 na nusu. Zikizidi lita 5, madaktari huhesabu kuwa ni kiasi kikubwa, na mgonjwa hupaswa kulazwa na kuangaliwa usiku kucha.

Jioni niliruhusiwa kwenda nyumbani, na hapo ndipo huduma ilipokoma. Hakuna aliyenieleza kwamba baadhi ya matundu huachwa bila kushonwa makusudi ili maji yaliyoingizwa yapate pa kutokea. Saa tisa za usiku niliamka nikakuta kanga niliyojifunga, shuka na godoro vimelowa maji mekundu mepesi, kama yaliyosuuziwa nyama, na dada yangu akalia akidhani natokwa na damu. Tulipiga simu ya kliniki mara nne bila kupokelewa. Kumbe hali hiyo ni ya kawaida kwa siku moja au mbili. Karatasi moja ya maelezo na ushauri wa kutandika nailoni kitandani vingetuondolea hofu yote ile.

Tangazo lao lilisema mgonjwa hurudi kazini baada ya siku 2. Mimi nilikaa siku 10, na wiki ya pili sketi zangu zilinibana kuliko kabla ya upasuaji, kwa sababu ya uvimbe. Nguo ya kubana niliivaa wiki 6 usiku na mchana, na kwa joto la mwezi wa pili ilikuwa adha kubwa. Ni lazima pia mgonjwa atembee kidogo kidogo tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikibana, au homa ikipanda, aende hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri simu ya mtu.

Umbo lenyewe lilianza kuonekana mwezi wa tatu baada ya upasuaji, na limenifurahisha. Chini ya kitovu pamebaki eneo la ukubwa wa kiganja lenye ganzi. Nikifunga kanga, bado sihisi fundo lake hapo.