Kilwa Kisiwani kwa mashua: ziara nzuri inayokatishwa mapema

Sisi wakazi wa mkoa wa Lindi tumezoea kupita Nangurukuru tukiwa ndani ya basi la Dar es Salaam, ilhali barabara inayochepuka hapo kuelekea pwani humfikisha msafiri Kilwa Masoko, na kutoka gatini ni mwendo mfupi tu wa mashua hadi Kilwa Kisiwani, mji wa magofu ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ziara ninayoitathmini hapa ni ile ya kuongozwa, ya nusu siku, ambayo hupangwa Masoko baada ya kulipia kibali.

Uzuri wake mkubwa ni mwongozaji. Tulipewa mzee mzaliwa wa kisiwani, ambaye hakukariri tarehe tu bali alitufundisha namna ya kuangalia. Katika Msikiti Mkuu alitusimamisha kwanza upande wa kaskazini, ambao ni wa zamani zaidi na paa lake limekwisha kuanguka, kisha akatuingiza chini ya kuba za upande wa kusini, ulioongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Suleiman, yule yule aliyempokea Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, mwaka 1331. Alitutaka tupitishe vidole juu ya jiwe ambalo lipu yake imebanduka, tuone vitundu vya matumbawe, akaeleza kwamba tumbawe likitolewa baharini huwa laini na huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Kwa maelezo hayo mafupi nilielewa ufundi wa mahali pale kuliko kwa masomo yote ya historia niliyosoma shuleni.

Gereza, yaani ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani, pamoja na kasri la Makutani, tulivipitia kwa kasi ya kuridhisha.

Kasoro ilijitokeza baadaye. Husuni Kubwa, ambayo ilitajwa waziwazi tulipokuwa tukilipa, iligeuka kuwa jambo la kubembelezana: nahodha alidai maji yanakupwa, na mwandalizi wa safari akasema kwa simu kwamba kwenda huko ni nyongeza. Tuliongeza fedha, tukaenda kwa miguu juani, na sikujuta hata kidogo, kwa kuwa kasri hilo la Sultani al-Hasan limekaa juu ya genge linaloitazama bahari, na ndani yake mna hodhi la kuogea lenye pembe nane ambalo umbo lake bado linasomeka vizuri. Kumrudisha mgeni Masoko bila kumfikisha hapo ni kumnyima nusu ya alichokilipia, na mwandalizi anayefahamu kazi yake angepanga saa za kuondoka kwa kufuata maji, si kumtwisha mteja hesabu hiyo.

Kwa hiyo, anayekusudia kwenda aulize mapema saa za maji kujaa na kupwa, ahakikishe Husuni Kubwa imeandikwa katika stakabadhi, abebe maji ya kunywa ya kutosha, na avae mavazi ya heshima, maana watu wanaishi kati ya magofu hayo. Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, aitengee siku yake peke yake.