Kamera ya zawadi kwa mzee na mama: Canon SX740 HS, mazuri yake na yanayokera

Mzee kastaafu, sisi watoto tukachanga tuwapeleke yeye na mama Mikumi, SGR mpaka Morogoro af gari ya kukodi, na mimi nikaangushiwa jumba la kamera. Najua kuna mtu atauliza si wana simu. Wanazo, ila tembo wa mbali ukimvuta kwa zile simu zao unapata kitu kama gunia la mkaa, halafu mzee akipigiwa simu katikati ya kupiga picha ndo basi tena, mbuga nzima itapita anaongea na shemeji yake wa Korogwe.

Nimezunguka Kariakoo siku mbili. Muuzaji atakuimbia megapikseli, muache aimbe, kwa mbugani angalia zumu ya lenzi yenyewe. Sony RX100 ya mwanzo kabisa watu wanaisifia na wako sahihi, sensa yake (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya inchi 1 inatoa picha safi hata mwanga ukiwa hafifu, lakini zumu yake haifiki hata mara 4, twiga aliyeko ng'ambo ya bonde anabaki kijiti. SX740 inavuta mara 40 na uzito wake ni gramu 299 tu, inaingia mfuko wa koti la mzee. Ilitoka 2018 kwa dola 400 hivi kule Marekani, sasa usijidanganye kwamba kwa vile ni ya zamani utaokota, vijana wamezirudisha hizi kamera ndogo kwenye fasheni na za mtumba nazo zimepanda mabega.

Kuna nyingine nusura niibebe, ya Kijapani, safi haina mkwaruzo, kuiwasha menyu yote Kijapani. Jamaa ananiambia bosi hiyo unabadilisha tu kwenye seti. Haibadiliki! Zipo zinazotengenezwa kwa soko la kule kule Japani zina lugha hiyo moja tu, kwa hiyo iwashe hapo hapo dukani kabla hujatoa hela. Na kadi ya memori ndo nikapigwa kabisa, imeandikwa GB 128, nyumbani nikaijaribu na programu ya H2testw, ile inayoijaza kadi af inasoma tena ilichoandika, kuanzia GB 8 kwenda juu hamna kitu. Nikairudisha, jamaa akanipa nyingine bila hata kubisha, nikajua anajua.

Sasa kamera yenyewe. Kitu kilichoniuzia ni kitufe kimoja cha kumtafuta mnyama aliyekupotea. Ukivuta mpaka mwisho, mkono ukitetemeka kidogo tu twiga hayupo, unaona majani matupu. Unakibonyeza unakishikilia, lenzi inarudi nyuma yenyewe na kuchora kiboksi pale ulipokuwa umevuta, unamuweka twiga ndani ya kiboksi, unaachia, inavuta tena. Mzee alifanyia mazoezi kwa njiwa wa kwenye bati la jirani, jioni moja tu kashaelewa. Lile duara la juu la kuchagua modi nilitia doa la rangi ya kucha nyekundu kwenye Auto, nikamwambia mama doa likihama tu jua mzee kachokonoa.

Yanayokera: haina kidirisha cha kuchungulia, picha unaitazamia kwenye kioo cha nyuma, na jua la saa saba kule Mikumi sio la mchezo. Mama ilibidi awe anajifunika khanga kichwani yeye na kamera, kama wale wapiga picha wa stendi wa zamani. Kioo nacho sio cha kugusa, siku ya kwanza alikigonga gonga weee mpaka nikamuonea huruma. Jioni picha zinajaa chengachenga kwa sababu sensa ni ndogo, hapo hamna ujanja. Betri kiwandani wanaihesabia picha 265 hivi, nilimuongezea ya pili.

Kwa hiyo kama wazazi wako wanavaa miwani ya kusomea, mimi ningerudi nyuma ningechukua Panasonic TZ95. Inavuta mara 30, pungufu sawa, ila ina kile kidirisha na unakirekebisha kulingana na macho ya mtu, yaani mzee asingehitaji kutafuta miwani kila swala akitokea. Na kioo chake kinaguswa.

Habari za Wi-Fi na Bluetooth kuhamishia picha kwenye simu achana nazo kwa wazee, tulijaribu mara moja tukaishia kugombana. Wanunulie kile kisoma kadi kidogo cha kuchomeka kwenye simu.

Wamerudi na picha 412. Karibu 90 ni tembo mmoja huyo huyo, kageuza makalio. Iliyosafishwa ikawekwa fremu sebuleni ni ya mama, alimvizia mzee kwenye treni kalala mdomo wazi, na kwa hiyo moja zumu wala hakuihitaji.