Film Stars Don't Die in Liverpool au Judy, uanze na filamu ipi?
Kama una usiku mmoja tu anza na Film Stars ya 2017. Zote ni stori za kweli za mastaa wa Hollywood wako Uingereza, pesa hamna, afya imegoma, ila hii mapenzi ndo yenyewe: Gloria Grahame, mshindi wa Oscar, ana miaka 50 na kitu anampenda Peter Turner, kijana wa Liverpool wa miaka 20 na kitu, alafu kansa ikirudi anaenda kuuguzwa nyumbani kwa kina Peter na mama yake anamhudumia kama mwanae kabisa. Annette Bening, anayemuigiza Gloria, hajamfanya bibi wa kuhurumiwa, bado ni mwanamke anayetaka kupendwa, na hapo ndo nililia sana.

Judy ya 2019 inamhusu Judy Garland akipiga shoo London, miezi michache kabla hajafariki 1969 akiwa na miaka 47 tu jamani. Renée Zellweger, anayemuigiza Judy, kaimba mwenyewe na Oscar akabeba, haki yake. Ila mapenzi na Mickey Deans, mume wake wa mwisho, yamepitishwa haraka haraka, uchungu uko kwa watoto aliowaacha Marekani. Ukitaka jukwaa na muziki, chukua hii.