Kabla hujanunua Galaxy A17, tafuta kwanza tundu la visikizi

Tangu Samsung watoe Galaxy A17 mwaka 2025, swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Dada, nina elfu ishirini na kidogo, nichukue A17?" Siku hizi barua zimegeuka. Wanaoandika sasa ni wale walioichukua, na wanalalamika. Hawalalamikii kamera wala betri. Wanalalamikia tundu.

Mmoja ni mama wa Umoja aliyemnunulia baba yake, ambaye ni mlinzi wa usiku katika jengo la ghorofa kule Kileleshwa. Mzee alipokabidhiwa simu alitoa visikizi vyake vya waya mfukoni, akaigeuza simu juu, chini, ubavuni, akitafuta pa kuchomeka. Hamna. Binti akarudi kwa aliyemuuzia, katika duka moja la katikati ya jiji la Nairobi, akaambiwa, "Madam, simu za siku hizi hazina hiyo kitu." Akauziwa adapta ya kuchomeka kwenye tundu la chaji. Usiku ule haikutoa hata mlio. Alipoirudisha, akaonyeshwa karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mzee amerudia kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, kwa sababu ina redio, na A17 inakaa mfukoni ikingoja M-Pesa.

Kwa hivyo mambo ya megapikseli na ukubwa wa betri nitayapita mbio. Yameandikwa kwenye boksi, na simu zote tatu nitakazozipanga hapa zina betri ya 5000 mAh au zaidi na kamera kuu ya megapikseli 50 au zaidi. Hilo halikusaidii kuchagua. Tundu la visikizi, lile la mviringo la milimita 3.5, ndilo litakalokusaidia, na hakuna muuzaji atakayekutajia.

Redio iliyo ndani ya waya

Redio ya FM ya simu hutegemea waya wa visikizi kama antena. Ndiyo maana ukichomoa waya, kituo kinakwaruza kisha kinapotea. Simu isiyo na tundu imekunyang'anya visikizi na redio kwa mkupuo mmoja.

Najua kuna atakayesema redio inasikilizwa kwa intaneti. Tupige hesabu basi. Redio ya mtandaoni inayotiririka kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 58 kwa saa. Mlinzi anayeingia zamu saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi atakuwa amemaliza karibu MB 700 usiku mmoja. Kesho tena. Kesho kutwa tena. FM haiombi bando hata la bob moja, na inakwangua betri kidogo sana.

Tena bando si neno la mwisho. Jioni ya tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchini huku kila mtu akitaka kujua barabara gani ina usalama na gari gani linafika nyumbani. Mwenye FM alisikiliza habari. Asiyekuwa nayo alibaki akitazama alama ya kuzunguka kwenye kioo. Na Agosti 22, 2025, Harambee Stars walipokuwa Kasarani kwenye robo fainali ya CHAN dhidi ya Madagascar, mechi iliyokwisha 1-1 na kutuvunja moyo kwa penalti, si wote waliokuwa mbele ya televisheni. Kulikuwa na wasusi waliokuwa na kichwa cha mteja mikononi, madereva, walinzi, mama mboga waliokuwa hawajafunga. Hawa ndio wanaonunua simu za elfu ishirini. Simu ya bei yao inatengenezwaje bila kitu wanachokitumia kutwa?

Visikizi vya Bluetooth ndivyo tunavyoambiwa tununue. Nimeona vinavyoishia: kimoja kinaanguka kati ya viti vya matatu ya Rongai, makanga anataka watu washuke haraka, na jioni una sikio moja tu linaloimba. Vile vya waya vikianguka vinaning'inia shingoni. Tena havichajiwi.

Kisingizio cha wembamba

Apple ndio waliolipa jambo hili umaarufu walipoondoa tundu kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Samsung wakafuata kwenye Galaxy Note 10 mwaka 2019, simu ya matajiri, nasi huku chini tukaambiwa tusijali. Galaxy A15 ilikuwa na tundu. A16 ilipotoka mwishoni mwa 2024, tundu likawa limekwenda, na A17 haikulirudisha.

Sababu zinazotolewa ni mbili, wembamba na kuzuia maji. Ziangalieni kwa karibu. A17 ina unene wa milimita 7.5 na kiwango cha IP54, yaani inavumilia vumbi na matone ya mvua. Galaxy A07, ndugu yake mdogo aliyetoka mwaka huo huo, ina milimita 7.6, ina IP54 hiyo hiyo, na tundu lake liko pale pale. Kampuni moja, mwaka mmoja, na tofauti ya unene ni sehemu moja ya kumi ya milimita! Ukishaivisha simu kava, kama sote tunavyofanya, tofauti hiyo huioni hata ukiitafuta. Kwangu mimi sababu ni biashara. Asiye na tundu atanunua visikizi vya Bluetooth, na wanaouza simu ndio wanaouza na hivyo.

Mpangilio wangu

Nambari moja ni Redmi Note 14 ya 4G. Mimi ni mtu wa Redmi na sifichi, lakini hapa hata asiyeipenda Xiaomi atakubaliana nami. Tundu lipo. Kinga ya IP54 ipo pia, kwa hiyo hadithi ya maji imeanguka mara ya pili. Kioo ni AMOLED cha inchi 6.67, kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde na kufikia mwangaza wa niti 1800. Niti hizo ni muhimu kwa mtu wa Nairobi. Simama steji ya Kencom saa saba mchana, jua limekukodolea, mhudumu anakuharakisha umwonyeshe ujumbe wa M-Pesa. Kwenye kioo hafifu utafunika simu kwa kiganja na kuinama. Kwenye hiki unasoma umesimama wima. Betri ni 5500 mAh na inachaji kwa wati 33.

Kasoro zake nazijua. Xiaomi hupachika matangazo ndani ya programu zake zenyewe, hata ile ya kutunza mafaili. Yanazimwa kwenye mipangilio, lakini lazima uketi na kuyafuata moja baada ya jingine, na mtu aliyelipa pesa zake hakustahili kazi hiyo. Masasisho nayo hayaahidiwi kwa miaka mingi kama ya Samsung. Na majina! Kuna Note 14, Note 14 5G, Note 14 Pro na 14C, na hii ya mwisho ni simu nyingine kabisa, yenye kioo cha LCD, aina ya bei nafuu kuliko AMOLED, na nguvu ndogo. Muuzaji akikwambia "hii ni Redmi 14" kwa bei tamu, chukua boksi ulisome jina lote.

Nambari mbili ni Galaxy A07. Ni ya bei ya chini kuliko wenzake wote wa orodha hii, na kioo chake cha LCD chenye HD pekee hakinifurahishi. Ila chipu yake ni Helio G99, ile ile iliyo ndani ya A17 ya 4G, na ahadi ya masasisho ni ya miaka sita vilevile. Ukiipata yenye RAM (kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi) ya GB 6, usichukue ya GB 4.

Nambari tatu ni A17 yenyewe, na sitaki niionee, kwa sababu kuna kazi nzuri iliyofanywa hapa. Kamera kuu imewekewa kituliza mtikisiko, kitu ambacho A16 haikuwa nacho. Ukipiga picha jioni mkono ukicheza, hazitoki na ukungu kama za A16. Kioo cha Super AMOLED kimefunikwa kwa kioo kigumu cha Gorilla Glass Victus. Na kuna ahadi ya matoleo sita mapya ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama. Kwa mtu ambaye simu yake ndiyo benki yake, ahadi hiyo ina thamani kubwa kuliko kamera tatu. Kama unakaa na simu mpaka izeeke, redio si jambo lako, na visikizi vya Bluetooth unavyo tayari, inunue kwa moyo mweupe.

Wengine, sikilizeni. Spika ni moja tu, iko chini, na ukiishika simu kwa ulalo kutazama video kidole chako kinaiziba. Chaja haimo kwenye boksi, unakuta kebo peke yake, kwa hivyo ongeza bei ya chaja ya wati 25 kwenye hesabu yako kabla hujaanza kulinganisha. Ukiongeza na visikizi vya Bluetooth, unaona kwamba simu iliyokuwa imelingana na Redmi Note 14 kwa bei sasa ni ghali kuliko hiyo.

Tecno na Infinix ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, pamoja na itel. Nyingi za Tecno Spark na Infinix Hot zimebaki na tundu pamoja na FM, na kwa hilo nawashukuru. Sizipangi juu kwa sababu ya programu zinazokuja zimejazwa ndani na arifa zisizokwisha. Za chini ya elfu kumi, zikiwemo Neon zinazounganishwa Athi River tangu 2023, ni za kupokea simu na kutuma pesa. Usizidai zaidi ya hapo.

Haya ya wauzaji

Tembea Luthuli hadi Moi Avenue ukiulizia simu moja. Utapewa bei nyingi kama maduka yenyewe, na mtandaoni ni vibaya zaidi, picha ya simu imewekwa, bei "njoo inbox". Kwa nini bei iwe siri? Nakubali kodi inauma. VAT ni asilimia 16, na Sheria ya Fedha ya 2022 iliziongezea simu zinazoagizwa kutoka nje ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Hayo yanampata kila muuzaji sawasawa. Hayaelezi kwa nini mimi nikiingia na mkoba nitajiwe bei nyingine na kijana aliyeingia nyuma yangu atajiwe nyingine.

Kuna na hila ya RAM. Boksi limebandikwa stika "16GB", ukisoma maandishi madogo unakuta 8+8. Nane za pili si RAM, ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye nafasi yako ya kuhifadhi picha, tena chenye mwendo wa kobe ukikilinganisha na RAM ya kweli. Muulize muuzaji RAM halisi ni ngapi, na akijibu kumi na sita, muulize tena.

Linaloniuma kuliko yote ni lile jibu alilopewa mama wa Umoja. Simu za siku hizi hazina hiyo kitu? Huenda hata kabati lake mwenyewe lilikuwa na zenye tundu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa anayonunua. Karatasi iliyobandikwa ukutani haiifuti Katiba. Mwambieni hivyo kwa sauti ya upole, wateja wengine wakisikia.

Ukienda kununua, beba visikizi vyako vya waya. Simu ikifunguliwa, kabla hujatuma hata shilingi, chomeka, fungua programu ya redio, tafuta kituo chako kikae vizuri bila kukwaruza. Kisha bonyeza *#06# ulinganishe tarakimu 15 za IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu, na zilizochapishwa kwenye boksi. Hapo ndipo ulipe, na risiti iandikwe jina kamili la simu pamoja na IMEI hiyo.

Na kama A17 unayo tayari, usinunue zile adapta za bei rahisi zinazoning'inia barabarani. Nyingi ni waya mtupu. Tundu la chaji la simu za Samsung hutoa sauti ya dijitali, kwa hiyo adapta lazima iwe na chipu yake ndani ya kuigeuza kabla haijafika kwenye visikizi. Chipu hiyo huitwa DAC, na wauzaji wanaojua kazi wanaijua kwa jina hilo. Nenda na simu, jaribu pale pale kaunta kwa wimbo na kwa kupigiwa simu. Akikwambia kwamba itarudisha na redio ya FM, mwambie aifungue uisikie kwa masikio yako kabla ya kulipa.