Karakana ya Nyakato na ribiti zisizopaswa kung'olewa

Anayejiundia ndege ndogo ya alumini hapa Mwanza hana mahali pengi pa kukimbilia ribiti, yaani vile vipini vinavyogongwa kuunganisha mabati, zinapokaa vibaya. Karakana niliyoipelekea usukani wa mkia, ule unaoinua na kushusha pua ya ndege, ipo Nyakato katikati ya waunda mabodi ya malori, na kazi zake za kila siku ni boti za alumini, matangi na milango ya magari. Haina bango, lakini ukiulizia fundi wa boti za alumini utaelekezwa. Ninaipa sifa kubwa kwa sababu inafanya jambo ambalo karakana nyingi hazilifanyi kabisa: humwambia mteja ni ribiti ipi iachwe kama ilivyo, hata pale mteja amekuja na nia ya kuzing'oa zote.

Usukani huo ulitoka katika seti ya vipande vya kujiundia ndege, iliyoanzwa na mjenzi mwingine, na kabla ya kuupeleka nilikuwa nimezitia alama ya kalamu ribiti 14. Fundi mkuu, ambaye vijana wake humwita Mzee, hakushika mashine yoyote kwa muda mrefu. Alichukua kipimo na kupitia ribiti moja baada ya nyingine upande wa ndani, akitazama kile kichwa cha pili kinachotokea baada ya kugongwa. Kanuni anayoifuata ni ile ile inayotumika katika ndege duniani kote, kwamba kichwa hicho kiwe na upana wa mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na kimo cha nusu ya unene huo. Kwa ribiti ya inchi 1/8, yaani milimita 3.2, maana yake ni upana wa karibu milimita 4.8 na kimo cha karibu milimita 1.6. Alipomaliza alifuta alama tisa kwa kitambaa na kubakiza tano.

"Hizi ziache, mwanangu," alisema. "Zimekaa upande kidogo, lakini zimeshika. Ukizitoa, tundu litatanuka, na tundu likishatanuka halirudi."

Hiyo ndiyo hekima niliyoilipia, na inalingana na ushauri wa watengenezaji wa seti za ndege, ambao huwaonya wajenzi wapya kwamba ribiti yenye kasoro ndogo mara nyingi ina nguvu kuliko ribiti mpya iliyotiwa katika tundu lililoharibiwa na keekee. Alama ya mwezi mchanga juu ya kichwa, inayotokea kifaa cha nyundo ya upepo kinapoteleza, huwaudhi macho wajenzi wengi. Mzee huipapasa kwa kucha, na ikiwa bati halikukatwa, huendelea na nyingine. Zile tano alizobakiza zilikuwa na sababu za wazi. Mbili zilikuwa na uwazi kati ya kichwa cha kiwandani, kile ambacho ribiti huja nacho, na bati, kiasi cha karatasi nyembamba ya chuma kupenya. Tatu zilikuwa ndefu kuliko ilivyotakiwa, zikajikunja badala ya kuvimba. Kosa hili hutokea kirahisi, kwa sababu ribiti ya AN470AD4-4 na ile ya AN470AD4-5, ambazo tarakimu ya mwisho huonyesha urefu, hutofautiana kwa inchi 1/16 tu, na zikichanganyika ndani ya kopo moja jicho halizitambui.

Kuziondoa ni kazi nzuri kuitazama. Ribiti za aina ya AD, zenye herufi hizo katika jina kama hizo mbili, zina kishimo kidogo katikati ya kichwa cha kiwandani, na ncha ya keekee hupata mahali pa kutulia hapo. Kijana wake alitoboa kwa mkono mwepisi, akasimama kina cha kichwa kilipoisha, kisha akaingiza pini ndani ya tundu hilo na kuisukuma pembeni hadi kichwa kikakatika. Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha mafundi. Wengi hupiga pini kwa nyundo hadi mwili wa ribiti utoke, na bati jembamba hubonyea. Hapa walikinga bati kwa kipande cha mti mgumu kilichotobolewa, na kwa ribiti moja iliyokataa kutoka walirudia kutoboa ndani ya mwili wake mpaka ukalegea, wakauvuta kwa koleo kutoka upande wa pili bila kupiga hata mara moja.

Tundu moja lilikuwa limeshatanuka tangu zamani, mahali ambapo ribiti ni ya inchi 3/32. Dawa ya kawaida ni kwenda kwenye ribiti ya 1/8, lakini Mzee alipima kwanza umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati, kwa kuwa umbali huo haupaswi kuwa chini ya mara mbili ya unene wa ribiti: milimita 4.8 kwa ile ndogo, 6.4 kwa ile kubwa. Nafasi ilikuwepo. Kwa sehemu za nje, ambako kichwa hulala sawa na bati, alinishauri niwe na akiba ya ribiti za NAS1097, ambazo mwili wake wa 1/8 hubeba kichwa kidogo kinachoenea katika kitako kilichochimbwa kwa ajili ya 3/32. Hakuwa nazo, na sidhani kama utazipata mjini. Agiza mapema pamoja na seti.

Upungufu upo, na mmoja ni mzito. Meza ya alumini ipo hatua chache kutoka mahali wanaposaga chuma cha mabodi, na vumbi la chuma likijibana kwenye alumini, katika unyevu wa ziwa hili, kutu huanzia hapo. Niliomba meza ifutwe na kutandikwa turubai safi, wakafanya bila kinyongo, ila ilipasa niombe. Pia hawaandiki kumbukumbu ya kazi. Mjenzi wa ndege atahitaji kumwonyesha mkaguzi ni ribiti ipi ilibadilishwa na kwa sababu gani, kwa hiyo piga picha kabla na baada, na andika mwenyewe katika daftari lako. Mzee mwenyewe husema wazi kwamba yeye ni fundi wa bati, na uamuzi wa kama ndege inafaa kuruka si wake.

Bei ni shilingi 15,000 kwa saa, na saa ya kupima hulipiwa sawa na saa ya kutoboa. Wapo watakaoona ni kulipia ribiti zilizoachwa. Mimi naona ndiyo sehemu yenye thamani zaidi. Nenda asubuhi, kabla kompresa haijashikwa na kazi za malori, na uchukue ribiti zako zikiwa zimetengwa kwa urefu katika vifuko vyenye majina.