Dodoso la PedsQL: tumelijaza mara mbili, mimi na mwanangu

Nyota 3 na nusu kati ya 5. Hiyo nusu ni ya nesi.

Mwanangu ana miaka 10 na ana Duchenne, ule ugonjwa wa kudhoofika misuli unaowapata karibu watoto wa kiume peke yao, maana hitilafu iko kwenye kromosomu ya X. Kliniki tumeizoea: anapimwa uzito, anaambiwa ainuke kutoka sakafuni huku daktari anatazama saa, tunaandikiwa dawa ya prednisoloni, tunarudi zetu Magomeni. Mwaka huu wakaongeza karatasi, ndiyo hiyo PedsQL, dodoso la kupima ubora wa maisha ya mtoto. Maswali 23: 8 ya mwili, 5 ya hisia, 5 ya wenzake, 5 ya shule, yote kuhusu mwezi uliopita. Kila jambo unasema limesumbua kiasi gani, kuanzia 0 (halijasumbua kabisa) hadi 4 (karibu kila wakati). Kisha wanageuza: 0 inakuwa 100, na 4 inakuwa 0, yaani alama ikiwa juu, hali ni nzuri. Mzazi ana karatasi yake, mtoto ana yake.

Mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Tulijazia koridoni, bega kwa bega, karatasi ya Kiingereza, nesi anatafsiri papo hapo. "Haya baba, unapata shida kutembea zaidi ya bloku moja?" Mtoto akashangaa: "Bloku? Lile tofali?" Tulicheka, lakini kila swali lililofuata alinitazama usoni kwanza ndipo akajibu. Karatasi zikaingia kwenye faili, hakuna aliyetuambia kitu.

Mara ya pili tulimkuta nesi mwingine, mama mtu mzima, akanitoa nje na karatasi yangu. Maswali alikuwa ameshayaandika kwa Kiswahili, na bloku imekuwa "kutoka hapa mpaka kule getini". Tulipomaliza nikamwomba apige hesabu mbele yetu. Upande wa hisia, mimi nilimpa mwanangu 40. Mwenyewe alijipa 85.

Nikajua nesi kakosea kujumlisha. Nesi akaweka kidole kwenye swali la wasiwasi juu ya yatakayompata, nilipoandika 3. "Mama, hapa umemjibia mtoto au umejijibia wewe?" Sikuwa na la kusema. Anayekesha ni mimi, yeye anakoroma. Nesi akasema si mimi tu, wazazi wa watoto hawa mara nyingi huandika alama za chini kuliko wanazojipa watoto wenyewe. Nami ni fundi cherehani! Mtoto akisimama mbele yangu simuulizi mama yake kiuno cha suruali, nachukua futi nampima.

Kwa hilo peke yake, dodoso limefaa. Ila lina matundu. Kwenye kazi za nyumbani mtoto alijibu, "Sio ngumu, mama hanipi." Hiyo unaihesabuje? (Siku hizi anachambua mchele, na anauchambua vizuri.) Choo cha shule hakijaulizwa. Bajaji kutuacha zikiona kiti cha magurudumu, hakuna. Kipo kiambatisho cha Duchenne chenyewe, maswali 18, kinachogusa shughuli za kila siku, matibabu, wasiwasi na kuzungumza na madaktari. Sisi hatukupewa. Mkienda, kiulizieni, na msiondoke bila kuonyeshwa alama.

Kuna swali moja: siwezi kufanya vitu ambavyo watoto wa umri wangu wanaweza. Alijibu 4 bila kusita, akaongeza, "Lakini mimi ndiye refa." Ni kweli. Jioni wakicheza mpira anakaa kwenye kiti chake pembeni ya uwanja, filimbi shingoni, na kadi nyekundu aliyoikata kwenye mabaki ya kitambaa changu, na wanamwogopa. Kwenye hesabu ile 4 ikawa 0. Nesi akachukua kalamu, pembeni ya karatasi akaandika: refa.