Kinyonya kamasi cha silikoni kinachofunguka: maoni yangu baada ya mafua mara tatu

Kile cha kwanza kilikuwa mpira mzimamzima, haufunguki. Nilikuwa nikiuosha kila siku nikiamini ni safi, hadi nilipoukata kwa mkasi. Ndani ukungu mweusi umetanda. Na ncha yake ndiyo niliyokuwa namtia mwanangu puani!

Hiki cha sasa ni cha silikoni, kinaonyesha ndani, na kinaachana vipande viwili. Nakiosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha nakiacha wazi kikauke. Kwa hilo peke yake nakisifu.

Mwanangu ana miezi 14. Mafua yake mawili ya mwanzo yaliishia sikioni. Mara ya pili alilia usiku kucha, alfajiri akanyamaza ghafla, nikakuta usaha kwenye foronya. Daktari akanichorea: nyuma ya pua kuna mrija unaoelekea sikioni, na kwa mtoto mdogo ni mfupi, mwembamba, umelala karibu sawasawa. Mafua yakiuvimbisha unaziba, majimaji yanatuama nyuma ya ngoma ya sikio, vijidudu vinazaliana humo.

Ninavyokitumia: matone mawili ya maji ya chumvi ya duka la dawa kila tundu, nasubiri kidogo, nabonyeza mpira kwanza ndipo naweka ncha mlangoni mwa pua, naachia taratibu. Nafanya hivyo kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, basi. Ukizidisha, pua inachubuka ndani na kuvimba zaidi. Kasoro yake ni pale vipande vinapoungana: usipokaza vizuri hewa inavuja, hakivuti kitu.

Je, kinazuia sikio kuuma? Amepata mafua mara tatu tangu nikinunue, na masikio yamesalimika. Lakini kipindi hichohicho niliacha kumpa chupa akiwa amelala chali, akamaliza chanjo ya nimonia, na anayevuta sigara nyumbani sasa anavutia nje. Siwezi kukipa kifaa sifa zote, na muuzaji akikuahidi kinga ya masikio usimwamini. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba ananyonya bila kuachia kila mara kutafuta pumzi, na analala.

Akianza homa huku anavuta sikio, mimi sishiki tena kinyonya kamasi, nampeleka hospitali siku hiyohiyo.